Chini ya Kitambaa Cheusi

Likizo ilipoanza, Chiriku alijipa kazi ya kuwaamsha watu. Alichemsha maji ya chai, akapiga mswaki, kisha akasimama mlangoni kwa mama yake mdogo na kugonga kama askari aliyetumwa kukamata mwizi.

"Mama mdogo, tutachelewa!"

"Wewe mtoto, hata jogoo hupumzika," sauti ya usingizi ikajibu kutoka ndani.

Jina lake halisi lilitumika shuleni tu, mwalimu alipoita mahudhurio. Kwingine kote aliitwa Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na breki. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa nesi, akitoka alfajiri na kurudi jioni miguu imemvimba. Shule zilipofungwa hapakuwa na mtu wa kukaa naye nyumbani, ndipo mama mdogo akasema atakwenda naye chuoni, na akizidisha maneno atamfungia kabatini.

Majirani walijua kwamba mama mdogo anasomea nyota, na wengine walimwomba awatabirie bahati. Ukweli ni kwamba hakuwa akitazama nyota hata kidogo. Siku nzima aliketi katika chumba kirefu cha ghorofa ya pili, chenye feni iliyolalamika na meza zilizojaa kompyuta, pamoja na wanasayansi chipukizi wenzake. Walikuwa wakifunzwa elimu ya mionzi ya gama inayotoka angani. Darubini zenyewe zilikuwa mbali sana, mlimani kusikofika taa za miji.

Aliyewafunza walimwita Mkufunzi. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyowalazimu watu kunyamaza ili wamsikie. Siku ya kwanza alimwona Chiriku akitumbua macho kwenye skrini, akavuta kiti.

"Nyota kubwa ikilipuka," alimwambia, "masalia yake yanaweza kutoa mionzi ya gama kwa miaka mingi. Macho yetu hayaioni. Ikifika duniani inagonga hewa huko juu, na papo hapo kunatokea kimweko cha buluu, kifupi kuliko kupepesa jicho. Darubini zetu hupiga picha ya kimweko hicho."

"Basi kazi ni kuhesabu vimweko," Chiriku alisema. "Rahisi!"

Kijana mrefu wa meza ya jirani akacheka. Wenzake walimwita Twiga, naye aliitika bila kinyongo. "Ingekuwa rahisi, mdogo wangu, nywele zangu zisingekimbia mapema hivi."

Mama mdogo ndiye aliyemweleza ugumu ulipo. Vimweko vingi havitoki kwa mionzi ya gama, bali kwa chembe nyingine zinazoinyeshea dunia usiku na mchana. Hizo waliziita takataka. Kimweko cha gama huacha picha nyembamba, mfano wa punje ya mchele, na cha takataka huacha picha pana iliyovurugika. Kwa hiyo kila mwanagenzi alitengeneza chekeche yake ndani ya kompyuta. Ilikuwa na vitelezi vitatu, vitufe vya kusogeza kushoto na kulia, na kila ulipokisogeza kimoja, vimweko fulani vilipita na vingine vikazuiwa.

Na hapo palikuwa na sheria. Kila mmoja alipewa kipande chake cha anga, lakini sehemu yenyewe ya kuchunguzwa ilifunikwa kwenye skrini kwa mraba mweusi. Waliuita kitambaa. Ulitakiwa kuijaribu chekeche yako kwenye anga la mazoezi, uifunge isiguswe tena, kisha ndipo ufunue kitambaa.

"Kwa nini msitazame tu?" Chiriku aliuliza.

"Kwa sababu moyo una tamaa," Mkufunzi alijibu. "Ukichekecha huku unatazama, utasogeza vitelezi mpaka upate unachokitaka. Utadhani umegundua nyota, kumbe umejigundua mwenyewe."

"Sasa mbona kitambaa hakina kufuli? Ni kubonyeza tu."

Mkufunzi aliwaonyesha wanagenzi kwa kidole. "Siku moja hawa watakuwa na data ambayo hakuna binadamu mwingine aliyeiona. Nani atawafungia kufuli huko? Kufuli lazima wawe nalo wenyewe."

Chiriku aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa. Alikuwa ameelewa nusu.

Jioni moja, akiwa sebuleni, aliwasikia watu wazima wakizungumza jikoni. "Nafasi za kwenda kwenye darubini ni mbili tu, dada, na sisi tuko sita," mama mdogo alikuwa akisema. "Wageni wanakuja wiki hii kusikiliza matokeo yetu. Nisipochaguliwa, mkataba umekwisha. Miaka yote hii ya kusoma, nirudi kukaa tu?" Halafu sauti yake ikakatika. Chiriku hakuwahi kumsikia mama mdogo akilia. Alilala akiwaza namna ya kumsaidia.

Kesho yake mchana, Mkufunzi alimwita mama mdogo ofisini. Wengine walikwenda kula. Chiriku akabaki peke yake mbele ya skrini, na mraba mweusi ukimkodolea macho.

Kuchungulia si kuiba, alijiambia. Akabonyeza.

Hakuona kitu ila ukungu wa kijivu. Yaani mama mdogo amekesha miezi yote hiyo kwa ajili ya ukungu? Akashika kipanya na kusogeza kitelezi cha kwanza, kisha cha pili. Ukungu ukabaki ukungu, akavirudisha. Alipokisukuma cha tatu kulia, katikati ya anga pakawaka nukta ya njano. Alikisukuma kidogo zaidi, ikang'aa. Furaha ilimpanda, nusura apige kelele. Alikariri mahali kitelezi kilipofika, akarudisha kila kitu kilivyokuwa, akafunika kitambaa na kukaa kwa adabu isiyo ya kawaida yake.

Mama mdogo alirudi amechoka. "Leo nafunga chekeche," alisema. "Ila hiki cha tatu kinanisumbua. Nikikiweka hapa sawa, nikikiweka pale sawa pia. Anga la mazoezi linakubali kote."

"Kisogeze kulia," Chiriku alisema, macho yake sakafuni. "Mpaka hapa. Panapendeza."

Mama mdogo alicheka. "Haya. Chiriku kasema." Akasogeza, akafunga chekeche, akawaita wenzake, akafunua kitambaa mbele yao.

Nukta ya njano iliwaka.

Chumba kililipuka kwa vigelegele. Twiga alirusha kofia yake juu, nayo ikanaswa kwenye feni. Mama mdogo alifunika uso kwa viganja, na alipouinua mashavu yalikuwa yamelowa. Mkufunzi peke yake ndiye hakupiga kelele. Alisogea, akaitazama nukta, akasema, "Vizuri. Tutaona." Chiriku aliyasikia maneno hayo, akaacha kupiga makofi.

Tangu hapo nyumba ilijaa nyimbo, na Chiriku akawa bubu. Mama mdogo alipika akiimba na kufagia akiimba, na jirani aliyetaka kutabiriwa bahati aliambiwa kwamba bahati imehamia nyumba hii. Chiriku alikichokonoa chakula kwa kijiko bila kukila. Kila alipofumba macho aliiona nukta ile, lakini sasa aliiona ikizimika mkononi mwake kila aliporudisha kitelezi. Kama ilikuwa nyota kweli, kwa nini ilihitaji kusukumwa?

Jioni ya kuamkia siku ya wageni, mama yake alimpapasa paji la uso. "Huna homa. Umemeza nini, mbona kimya?"

"Mama, mgonjwa akimficha daktari kitu, inakuwaje?"

Nesi alivua viatu, akahema. "Leo tumempokea mmoja. Alificha kidonda mguuni kwa kuona aibu, mpaka kimeoza. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Angesema mapema tungemfunga bendeji tu, akaenda zake." Akajilaza kwenye kochi, asijue amesema nini.

Chiriku aligeuka huku na huko kitandani. Kulipopambazuka alimkuta mama mdogo akipiga pasi blauzi yake nyeupe.

"Mama mdogo, ile nukta niliiona kabla yako."

"Uliionaje?"

Akasema yote, kuanzia kikao cha jikoni hadi kitelezi cha tatu. Alisema bila kupumua, maana alijua akinyamaza hataweza kuanza tena.

Mama mdogo aliichomoa pasi kwenye umeme, akaisimamisha taratibu, akakaa kitandani. Hakugomba, na hilo lilimtisha Chiriku kuliko kugombezwa. "Nani mwingine anajua?" hatimaye aliuliza.

"Hakuna."

"Hakuna," mama mdogo alirudia. Alitazama blauzi, kisha dirisha, kisha mikono yake mwenyewe. Chiriku aliona wazi kwamba mtu mzima huyu, aliyempenda kuliko wote baada ya mama yake, alikuwa akipigana na jambo. Ungeweza kupika chai ikapoa katika muda ule.

"Ulitaka kunisaidia," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa na hasira sasa, hasira ya kweli. "Ukanitia shimoni, Chiriku! Nimewapigia simu watu! Nimesherehekea!" Akafuta macho kwa mkono wa blauzi aliyotoka kuinyoosha. "Vaa viatu. Tunakwenda kwa Mkufunzi."

Mkufunzi aliwasikiliza bila kuwakatiza. Chiriku alisema mwenyewe, kwa sababu mama mdogo alikataa kumsemea. Machozi yalimfika mdomoni, akayameza na kuendelea.

"Maji yakimwagika hayazoleki," Mkufunzi alisema. "Data iliyoonwa imeonwa. Lakini kipande hiki cha anga kilipigwa picha tena msimu uliofuata, na picha hizo sijampa mtu. Tutatumia chekeche ileile. Hakuna anayegusa kitelezi. Kama nyota ipo, itakuwepo tena."

Walikaa watatu mbele ya skrini huku kompyuta ikichekecha. Chiriku aliomba kimoyomoyo kwamba nukta iwepo. Aliomba kuliko alivyowahi kuombea mtihani. Kitambaa kilifunuka.

Ukungu wa kijivu. Pale ilipokuwa nukta hapakuwa na lolote.

"Ilikuwa takataka iliyojikusanya kwa bahati," Mkufunzi alisema kwa upole, "nasi tukaichagulia chekeche ya kuipamba."

Mama mdogo aliitikia kwa kichwa mara moja, akainuka kwenda ukumbini. Wageni walikuwa wameshakaa.

Twiga alitangulia. Alionyesha nukta yake, nzuri, ya mviringo, na wageni wakaandika. Kisha mama mdogo akasimama, na mkono mmoja wa blauzi yake ulikuwa umekunjamana. Chiriku, kwenye kiti cha nyuma, alitamani sakafu ipasuke immeze.

"Juzi nilisema nimeona kitu," mama mdogo alianza. "Leo nasema sijaona. Kitambaa changu kilifunuliwa kabla ya wakati, na chekeche yangu ikafuata kilichoonekana. Nilikiacha bila ulinzi, kwa hiyo kosa ni langu. Nimerudia kwa data mpya. Matokeo ni haya." Akaonyesha ukungu wake wa kijivu, na akaueleza kwa makini vilevile, kana kwamba ni dhahabu.

Alipomaliza, aliuliza kama kuna swali. Mgeni mmoja alikuwa akitaka kuuliza swali, lakini Twiga alinyoosha mkono wake mrefu kabla yake. Uso wake ulikuwa umesawajika.

"Samahani," alisema. "Nukta yangu msiiandike. Na mimi nilichungulia."

Mkufunzi aliinamisha kichwa, akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

Wiki iliyofuata majina yalitangazwa. Nafasi moja ilipewa binti mkimya wa meza ya mwisho, ambaye hata Chiriku hakuwahi kumfanya azungumze. Ya pili ilipewa mama mdogo. Twiga aliambiwa arudie mafunzo, akasema ni haki yake, nywele chache zilizobaki zitavumilia.

"Lakini hakuona kitu!" Chiriku alimwambia Mkufunzi, akisahau kwamba alipaswa kuona aibu.

"Ndiyo maana," mzee alijibu. "Anga lina mengi, na sisi hatuwezi kwenda huko kuhakikisha. Tulicho nacho ni neno la aliyetazama. Mtu anayeweza kusema 'hakuna' wakati njaa yake yote inataka aseme 'kipo', huyo siku akisema 'kipo' nitamwamini. Na wewe, ukimpenda mtu, msaidie kwa kitu anachoweza kukionyesha mchana kweupe."

Siku ya mwisho ya likizo, mama mdogo alikuwa mezani kwake na data mpya, mraba mweusi katikati ya skrini. Simu yake ikalia. Aliyepiga alikuwa bibi, na feni ile haikuruhusu watu kusikilizana. Mama mdogo alisimama, akaitazama skrini, akamtazama Chiriku. Chiriku alishusha macho, akingoja kuambiwa atoke nje.

"Nilindie hapa, nakuja," mama mdogo alisema, akaenda zake, na mlango akaufunga.

Aliporudi alimkuta Chiriku amegeuza kiti, ameelekea ukutani, na mikono ameikalia.

"Sasa huko ukutani unatafuta nyota gani?" mama mdogo aliuliza akicheka.

"Hakuna," Chiriku alijibu. Na mama mdogo alimwamini.