Tano Tupu

Mlango wa nyumba ya Sekela ulimtambua kwa joto la kidole, ukamsalimu kwa jina, kisha ukakataa kufunguka.

"Bi Sekela, leo ni siku ya mwisho ya kutangaza mapato," ulisema kwa upole. "Kamilisha kwanza, ndipo utoke."

Katika jiji la Mbeya la wakati huo, milango yote ya maghorofa ilikuwa imeunganishwa na Mkadiriaji, akili unde iliyokokotoa kodi ya kila mkazi. Watu waliishangilia ilipoanza, maana iliondoa foleni na rushwa kwa mpigo mmoja. Hata Sekela, fundi wa kuunda miguu ya bandia, aliwahi kuisifu mbele ya wagonjwa wake. Asubuhi hiyo hakuwa na wasiwasi. Mdogo wake, Tumpale, alikuwa anaondoka adhuhuri na chombo cha kwenda Mirihi, safari isiyo na kurudi, na kujaza namba moja ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Aligusa kioo cha mlangoni, akaandika 482,615. Kioo kikaonyesha 514,826.

Akafuta, akaandika tena taratibu. Safari hii aliona kinachotokea. Tarakimu ya nne ilipoingia, mkato ulijipachika wenyewe, na kijistari cha kuandikia kikaruka hadi mwanzo. Kila tarakimu iliyofuata ikajichomeka mbele ya wenzake.

"Unanichanganyia namba," alisema.

"Hakuna hitilafu iliyoripotiwa."

"Basi mimi naripoti."

"Ripoti hupokelewa baada ya kukamilisha tamko."

"Nikutajie kwa mdomo, basi!"

"Sauti hazikubaliki tangu watu walipoanza kuigana."

Sekela akafikiri kifundi. Akaanza na 2,615, akaongeza nane, kisha nne. Zikajipanga barabara: 482,615. Akashusha pumzi.

Kioo kikageuka chekundu. "Binadamu haandiki namba kwa mpangilio huu. Unashukiwa kuwa mashine. Tafadhali subiri."

Akasubiri. Aliishi ghorofa za juu, na madirisha ya huko hayakuwa na bawaba. Yalikuwa ya kutazamia tu. Chini aliona watu wakitembea, wadogo kama punje, wala hakuna aliyeinua uso. Simu ikalia.

"Dada, uko wapi? Wameanza kutuita."

"Niko mlangoni."

"Mlango gani? Mbona sikuoni?"

"Mlango wa kwangu, Tumpale. Mlango umenifungia."

"Wanakusanya simu," Tumpale alisema haraka, na mawasiliano yakakatika.

Sekela akaupiga mlango kwa bega mpaka bega likafa ganzi. Wekundu wa kioo ulipofifia, alisimama akitweta, akiitazama ile nafasi tupu. Namba yake ya kweli isingepita kamwe. Ingepita tu ile ambayo hata ikivurugwa haibadiliki. Akaandika 555,555.

Angelipa kodi ya fedha ambazo hajawahi kuzishika, na tamko la uongo lilikuwa na adhabu ya kifungo.

"Unaapa kuwa haya ni mapato yako ya kweli?"

Akabandika kidole kwenye kioo kuthibitisha. "Naapa."

"Asante kwa uaminifu wako," Mkadiriaji akasema, na mlango ukafunguka.

Alipofika kituoni, abiria walikuwa wamekwisha kufungiwa nyuma ya kioo kizito kisichopitisha sauti. Tumpale, ndani ya vazi jeupe la safari, alimwona. Akaja mbio, akabandika kiganja chake kwenye kioo, akasema jambo refu. Sekela akaitikia kwa kichwa ingawa hakuambulia hata neno. Kisha mhudumu akamshika Tumpale bega, wakaondoka.

Kando yake alisimama mama mmoja, mtandio umemponyoka, anahema.

"Mwanangu alikuwa humo," alisema. Akamtazama Sekela usoni. "Na wewe mlango ulikuzuia?"

"Ulinizuia."

"Ukaandika ngapi?"

"Tano tupu."

Yule mama akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mimi tisa," akasema. "Niliogopa namba ndogo isingenifungulia."