Kadi Ambayo Ardith Hakuiandika

Jumamosi moja ya Novemba, mwaka 1979, giza lilikuwa linaanza kushuka juu ya Avenyu ya Kumi, New York, pale Ardith Kolb alipotoka mbio kwenda kutafuta kadibodi. Hakukumbuka hata kuvaa koti. Waandishi wa kipindi walikuwa wamebadilisha vichekesho vitatu kwa mkupuo, kadi zote zimekwisha, na duka la siku zote lilikuwa limefungwa. Saa mbili usiku kulikuwa na mazoezi ya mwisho mbele ya watu. Saa tano na nusu walitakiwa wawe hewani, mubashara, nchi nzima.

Kipindi chenyewe kiliitwa Hatulali Bado. Kilikuwa na wiki nne tu tangu kizaliwe, na tayari wakubwa wa kituo walikuwa wameanza kukinunia.

Kazi ya Ardith ilikuwa kadi. Wachekeshaji wa mubashara hawakariri, wasikudanganye. Watakariri nini, na maneno yenyewe yanabadilishwa mpaka dakika ya mwisho? Mwenye kadi anasimama ubavuni mwa kamera, anaziinua moja baada ya nyingine, na msanii anasoma huku akijifanya anakutazama wewe uliyejilaza sebuleni kwako. Kilichoandikwa ndicho kitakachosemwa. Ukimwandikia kwamba yeye ni jogoo, atawika kwanza, kuuliza baadaye.

Aliyemleta pale ni mdogo wake, Wendell. Mama yao alifariki Wendell akiwa na miaka tisa, Ardith kumi na tisa. Akamlea huko Buffalo kwa mshahara wa ukarani, akamsomesha, akamvumilia. Wendell alikuwa na kipaji cha kuchekesha mpaka watu washike mbavu, ila kichwa chake hakikushika maneno. Shairi la mistari minne lilimtoa machozi darasani. Kwa hiyo alipopata kazi New York aliwaambia mabosi kavu kavu: bila dada yangu kushika kadi, mimi sipandi.

Basi jioni hiyo Ardith aliona taa kwenye duka la fundi wa mabango. Ndani, mwanamke mmoja alikuwa anafungasha vitu kwenye maboksi.

"Tumefunga, dada. Mwenye duka amefariki."

"Pole sana. Nataka kadibodi tu, nakuomba. Nina kipindi usiku huu."

"Kipindi gani?"

"Cha vichekesho. Cha mubashara."

Yule mwanamke akaliacha boksi lake. Akaingia nyuma ya duka, akarudi na bunda la kadibodi nyeupe, akalisukuma juu ya meza kwa ncha za vidole.

"Zichukue bure," alinong'ona. "Nataka zitoke humu."

Ardith hakuwa na muda wa kuuliza. Njiani aligundua kwamba kadibodi zile ziliwahi kutumika. Zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe, na ukizielekeza kwenye taa uliona makovu ya herufi za zamani chini yake. Tena zilikuwa na harufu... harufu ya nywele zilizoungua. Akakunja pua, akaendelea na safari.

Mazoezi yalikwenda salama. Saa tano na nusu wakaingia hewani.

Kichekesho cha tatu kilikuwa cha Milo Hatch, kijana mrefu mwenye sura ya kulalamika, akiigiza mteja anayegombana na mhudumu wa hoteli. Ardith akainua kadi ya kwanza. Watu wakacheka kidogo. Akainua ya pili. Akainua ya tatu...

Milo akasita.

Macho yake yalikwenda kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Kisha akasema kwa sauti ya upole ambayo Ardith hakuwahi kuisikia kwake:

"Samahanini. Naitwa."

Watu wakacheka. Milo akainuka, akapangusa midomo kwa kitambaa, akauendea mlango wa jukwaani. Ulikuwa mlango wa mapambo tu, wa mbao nyepesi, na nyuma yake palikuwa na ukuta wa studio na mzee Teague, fundi wa taa, aliyesimama hapo kila wiki. Milo akaufungua, akapita, akaufunga taratibu. Ukumbi ukapasuka kwa vicheko na makofi.

Yakaingia matangazo. Ardith akakimbilia nyuma ya mlango.

"Milo yuko wapi?"

Mzee Teague akamtazama kama hakumwelewa. "Milo? Si yuko jukwaani?"

"Si ametokea hapo kwako sasa hivi!"

"Binti yangu," mzee akasema polepole, "kwangu hajatoka mtu."

Ardith akaigeuza kadi ya tatu. Maneno yalikuwepo, meusi, mwandiko ni wake yeye, na herufi zimepinda kama anavyozipindisha. *Samahanini. Naitwa.* Hakuyaandika. Aliapa kwa mama yake kwamba hakuyaandika. Na alipokuwa anayatazama, wino ukaanza kufifia, ukazama ndani ya rangi nyeupe mpaka kadi ikabaki tupu.

Milo Hatch hakuonekana tena.

Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Wakubwa wakasema amechoka, amekimbilia California. Na Corliss, mtayarishaji wa kipindi, mtu mfupi asiyeisha kutafuna vidonge vya tumbo, alikuja Jumatatu anachekelea.

"Mlango!" alisema. "Watu wanauzungumzia mlango mji mzima! Kuanzia sasa kila wiki mtu mmoja atoke kwa mlango ule."

"Corliss, Milo amepotea," Ardith akamwambia.

"Amepotea akiwa kileleni. Wewe unajua wangapi wanaomba kufa hivyo?"

Ardith alitamani kumpiga kofi. Badala yake akamfuata mzee Teague kwenye chumba cha taa, akamwuliza kama studio ile ilishawahi kuona jambo kama hilo. Mzee akafunga mlango kwanza.

"Mwaka hamsini na nane," akanong'ona, "kulikuwa na kipindi kingine humu humu. Cha kucheka vilevile. Kadi zilikuwa za mwanamke mmoja, Henrietta Stroud. Mtangazaji aliiba vichekesho vyake mwaka mzima. Siku Henrietta alipotaka jina lake litajwe, jamaa akamfukuza mbele ya watu, akamcheka hewani."

"Halafu?"

"Henrietta akaomba kitu kimoja. Aandike kadi za siku ya mwisho. Aliandikia nini, wino gani, mimi sijui. Ila chumba chake kilikuwa kinanuka..."

"Nywele," Ardith akasema.

Mzee akakubali kwa kichwa. "Mtangazaji alisoma. Akapita mlangoni. Basi. Kadi wakazipaka rangi, wakaziuza kwa fundi wa mabango."

"Nikizichoma, itakwisha?"

"Mimi ni mtu wa taa, binti yangu. Usiniulize mambo hayo."

Usiku huo Ardith aliziteremsha zote thelathini chini, kwenye tanuri la kupashia jengo joto, akazichoma moja moja. Akanunua kadibodi mpya, kalamu mpya na wino mpya, vyote kutoka duka la mbali. Wiki ya tano ikapita salama. Ya sita pia. Wasanii walitoka kwa mlango ule, wakatokea upande wa pili wakimtania mzee Teague. Watu wakauchoka mlango, watazamaji wakapungua, na Alhamisi ya wiki ya saba Corliss akaja na barua mkononi. Kipindi kimefutwa. Jumamosi ni ya mwisho.

Wa kufunga alikuwa Wendell. Aage peke yake, kisha atoke kwa mlango.

Ardith akamfuata chumba cha kubadilishia nguo. "Mdogo wangu, usipite pale."

"Dada, ni mbao na misumari! Jana nimeupiga teke, nusura ushuke wote."

"Nakuomba."

Wendell akacheka, akamshika mashavu kama alivyozoea tangu utotoni. "Ni wewe unayeshika kadi. Sasa mimi niogope nini?"

Maneno yale yalimchoma Ardith kuliko tusi. Akaenda kuzikagua kadi zake mara tatu, mbele na nyuma, akazinusa. Zilinuka karatasi na wino, basi.

Ikafika dakika kumi kabla ya saa saba. Wendell akasimama katikati ya jukwaa, taa moja juu yake, mlango nyuma yake. Ardith akainua kadi ya kwanza. Wendell akasoma, watu wakacheka vizuri. Ya pili. Wakacheka zaidi. Alikuwa anang'ara, na Ardith akasahau hofu kwa kitambo, akajawa na fahari ya mzazi.

Akainua ya tatu.

Harufu ikaja.

Akainamisha shingo kuichungulia kadi. Aliandika *Asanteni kwa wiki saba*. Herufi zilikuwa zinasogea. Zilififia, na chini yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, nyingine zilikuwa zinapanda polepole...

Hakungoja. Akazibwaga kadi zote chini.

Kimya.

Kwenye runinga ya mubashara hakuna kitu kibaya kama kimya. Sekunde moja. Tatu. Tano. Kwenye vifaa vya masikioni Corliss alikuwa anabweka: "Kadi! Kadi! Mwinulieni kadi!" Wendell alitokwa na jasho, akimtazama dada yake kwa macho ya mtoto aliyesahau shairi. Ardith akatikisa kichwa. *Nyamaza tu, mdogo wangu. Wacha wakuzomee. Nyamaza uwe hai.*

Kisha uso wa Wendell ukatulia.

Macho yake yakainuka juu kidogo ya bega la Ardith.

Kushoto, kulia.

Kushoto, kulia.

Alikuwa anasoma.

Ardith akageuka nyuma. Hapakuwa na mtu. Nyaya sakafuni, giza, na harufu ile sasa imekaba koo. Mpiga kamera mwenyewe alikuwa anashangaa Wendell anatazama nini.

"Samahanini," Wendell akasema kwa upole. "Naitwa."

Akageuka, akaushika mlango.

Ardith hakukumbuka alivyofika jukwaani. Alijikuta ndani ya mwanga, mbele ya nchi nzima, na sketi yake ya kazi na vidole vyeusi kwa wino, amemrukia mdogo wake kwa nyuma na kumziba macho kwa viganja vyote viwili. Mlango ulikuwa umeshafunguka kiasi cha mkono kupita. Hewa iliyotoka humo ilikuwa ya baridi. Akaubamiza kwa mguu.

Ukumbi uliangua kicheko ambacho kipindi kile hakijawahi kukipata. Watu walisimama. Walipiga makofi, walipiga miluzi, waliangukiana. Corliss alisemekana kulia kwa furaha.

Na Ardith, katikati ya makelele yale, alisikia kitu chini ya viganja vyake. Kope zilikuwa zimefumba. Nyuma ya kope, macho ya mdogo wake yalikuwa yanakwenda kushoto, kulia. Kushoto, kulia.

Hakumwachia mpaka taa zikazimwa. Mzee Teague alikwisha chukua shoka, na usiku ule ule akaupasua mlango vipande vipande bila kumwomba mtu ruhusa.

Yote hayo yana miaka saba sasa. Kipindi kimesahaulika, hata mkanda wa usiku ule wa mwisho kituo kinasema hakiuoni. Wendell anaishi na dada yake Queens, pale pale New York, anafanya kazi ya kupiga pasi kwa dobi, na wateja wanampenda kwa utani wake. Daktari alisema ni mshipa wa macho tu, umechoshwa na taa kali, na akaandika dawa ya matone. Ardith humtia matone hayo kila asubuhi. Wala hayasaidii, kwa sababu Jumamosi, ikifika saa tano na nusu usiku, Wendell hunyamaza katikati ya sentensi, na macho yanaanza. Ardith humziba macho mpaka saa saba. Majirani wamekwisha acha kumwalika Jumamosi. Wanasema anaringa. Yeye anaogopa jambo moja tu, usingizi.

Jumamosi iliyopita ulimshinda.

Alizinduka saa saba kasoro dakika tano, viganja vyake viko mapajani, kiti cha Wendell kitupu. Akaita. Hakujibiwa. Akakimbilia korido bila kuwasha taa.

Wendell alikuwa amesimama mbele ya kabati la makoti, mgongo umenyooka, nywele amezichana. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa. Nyumba nzima ilinuka nywele zilizoungua.

"Mdogo wangu," Ardith akanong'ona. "Usisome. Nitazame mimi. Mimi ni dada yako."

Wendell akageuza kichwa. Macho yake yalikuwa yametulia kabisa. Yalikuwa yamefika mwisho wa mstari.

"Si ni wewe uliyeandika, dada," akasema, na akatabasamu kwa mapenzi yake yote.

Ardith akamshika mkono kwa nguvu zake zote, akamvuta. Mkono ulikuwa wa joto, wa mtu hai, na haukusogea hata kidogo.

Ndani ya kabati, katikati ya makoti, watu wakaanza kupiga makofi.