Niliporudi Kutoka Baharini Nilikuta Nimeshazikwa

Nina miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Mollo hapa Sumbawanga, na kaburi langu lipo nyuma ya nyumba ya mama yangu. Nimeliona kwa macho yangu haya! Lina msalaba, na msalaba una jina langu. Ndugu zangu wasomaji, anayewaandikia ni maiti...

Nilikuwa na mume, Deus, na binti mmoja wa miaka mitano, Anjela. Tuliishi Mazwi, mjini. Nilifanya kazi za ndani kwa mama wa Kizungu, muuguzi mstaafu aliyezeekea hapa kwetu. Tulimwita Mama Helga. Miguu yake ilikuwa haifanyi kazi tena. Siku moja akaniambia kwamba kabla hajafa anataka kuizunguka dunia kwa meli, na anahitaji mtu wa kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Mtu huyo nikawa mimi!

Miezi minne baharini... mimi ambaye nilikuwa sijawahi kupanda hata mtumbwi!

Deus alifurahi kuliko mimi. Alinipa sharti moja tu. "Mke wangu, mji wetu huu unaujua," aliniambia. "Usimwambie mtu, usirushe picha hata moja. Watakuloga uzame huko."

Nani wa Sumbawanga angebisha? Nikaaga watu wa nyumbani tu. Anjela nikamwacha na mdogo wangu wa tumbo moja, Resti, ambaye alikuwa akiishi kwangu. Mama yangu ana simu ya tochi, ambayo haipokei sauti za mtandaoni, kwa hiyo salamu zake zote zilipitia kwa Deus. Nilijiona mjanja sana, kumbe najifunga kamba mwenyewe!

Jamani, siku za melini ni ndefu. Mkitoka bandarini ni maji, maji, maji, mpaka unasahau kama leo ni Jumanne au Ijumaa. Wale wazee wa Kizungu wanajua kupitisha siku. Chai na keki, karata, kuota jua kando ya bwawa la kuogelea... bwawa juu ya bahari! Jioni wanavaa suti na magauni marefu kwenda kula, kila siku kama harusini. Mimi niliyezoea jembe, mikono iliniwasha kwa kukosa kazi. Mama Helga akaninunulia nyuzi, nikaanza kumfumia Anjela sweta, maana baridi ya kwetu haina utani. Nikimaliza mkono mmoja naufumua, naanza upya, ili mradi siku iishe.

Mtandao ukipatikana, nasikiliza sauti za nyumbani. "Dada, wewe kula bata tu," Resti alinitumia. "Mtoto nipo naye. Hata hakuulizii." Niliumia kidogo, kisha nikamshukuru Mungu. Si ndiyo faida ya kuwa na ndugu?

Deus naye wimbo wake ulikuwa mmoja. Meli ikifika Ulaya nibaki huko huko na Mama Helga, nitafute maisha. Nilimjibu kwamba nitafikiria. Sikumwambia kuwa nilishaamua kurudi, kwa sababu nilitaka kuwashtukiza.

Mama Helga alibaki Ulaya, mimi nikarudi. Nilishuka stendi asubuhi, nikapanda bodaboda mpaka nyumbani. Aliyenifungulia mlango ni Resti. Tumbo lilikuwa mbele, kubwa! Kabla sijamuuliza lolote, alitupa macho barabarani, akaona majirani wanasogea, akapiga yowe.

"Msukule! Dada amerudi msukule!"

Resti huyo huyo aliyekuwa akinitumia sauti yake kila wiki!

Watu walitoka na mawe na fimbo. Jirani niliyekuwa nikimpa chumvi na moto alipiga ishara ya msalaba na kunitemea mate. Nikamwita Deus. Akatoka ndani, akanitazama usoni, mume wangu wa ndoa ya kanisani... akawageukia watu. "Mke wangu alizama na meli," akasema. "Nilimlilia, nikamzika. Huyu simjui."

Jiwe la kwanza lilinipata begani. Ningekufa kweli siku ile, kama mwenyekiti wa mtaa asingenivuta na kunifungia ofisini kwake. Akatuma pikipiki Mollo kumleta mama.

Mama alipofika hakunikumbatia. Alisimama mlangoni.

"Toa ulimi," akasema.

Kwa maana msukule, mfu anayetumikishwa na wachawi, wanasema hukatwa ulimi. Nikautoa mbele ya umati, mimi mtu mzima! Akanipa chumvi niilambe, maana msukule halambi chumvi. Nikailamba. Ndipo mama alipoanguka sakafuni, akalia kilio ambacho sitaki kukisikia tena.

Hapo mama akaniambia yote, na yaliyobaki nikayajumlisha mwenyewe. Resti aliponisaidia kufunga begi langu la safari, tayari alikuwa na mimba ya mume wangu! Aibu ya kumzalisha shemeji ilimtisha Deus, akaona heri mimi nife. Akaenda Mollo analia kwamba meli imeungua na kuzama, hakupona mtu. Picha sikurusha, nani angejua kuwa nipo hai? Ziwa letu hurudisha maiti, lakini bahari nani aende kuidai? Wakazika khanga zangu na gauni langu la harusi. Tanga lilipoanuliwa, wazee wa ukoo wakasema mtoto asilelewe na mgeni, Resti ashike nyumba ya dada yake. Pombe ya ulezi ikanywewa, Resti akawa mke wa Deus.

Niliwasikilizisha wazee zile sauti za Resti. Wakatikisa vichwa. Wakakiri nimeonewa. Kisha wakaniambia nivumilie, mwenzangu ana ujauzito, na Anjela ananiogopa, asihamishwe kwa sasa. Mwenzangu! Kikulacho ki nguoni mwako, wasomaji, na mimi kilinila mpaka mfupa.

Sasa naishi kwa mama. Kila nikienda kuchota maji napita kando ya msalaba wangu. Mama anataka tuung'oe, mimi nimekataa. Ukae, watu wauone.

Dada zangu, nawasihi! Ukisafiri, usikubali habari zako zishikwe na mtu mmoja, hata kama ni mumeo. Ongea na mama yako, na jirani, na paroko. Uchawi niliokuwa nauogopa haukunigusa. Aliyenimaliza ni mtu aliyenikataza nisionekane.

Jumapili iliyopita walimleta Anjela anione. Alisimama mbali, ameshika gauni la Resti, ambaye sasa anamwita mama. Resti akamsukuma kidogo mgongoni. Mwanangu akainamisha kichwa, akanisalimu kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Nikaitikia. Ningefanya nini? Nikaitikia, "Marahaba."