Ndoo za Kifudifudi

Mimi si mtu wa kuchungulia mambo ya wapenzi. Haya nayajua kwa sababu watu huniamini, basi.

Kaka yangu, mkulima wa mboga kando ya ziwa, alimkuta mpenzi wake gatini, katikati ya vurugu za mizigo. Dada mgeni mwenye buti za mpira na kitambaa cha njano kichwani, anachagua ndoo, anazipindua moja moja. Kaka akamuuliza anatafuta ndoo au mchumba.

"Natafuta isiyovuja," akajibu. "Kwa vyote viwili."

Kazi yake ilikuwa kupima pumzi ya ziwa. Mvua ikisomba udongo na majani ya mashambani, alimweleza kaka, vinaozea kwenye tope, na maji yakipata joto hewa ukaa inapanda juu kwenda kuzidisha joto lilelile. Ndoo iliyofungwa nanga, ikielea kifudifudi, huinasa. Kaka hakuelewa yote, hata hilo la kifudifudi lilimpita, ila macho yale aliyaelewa. Ikawa simu kutwa: umekula, Bi Ndoo? Upepo haujakukosea adabu?

Kisha joto la kunyima watu usingizi likapasuka mvua. Asubuhi kaka akaona ndoo za mpenzi wake zinayumba kwenye mawimbi, matako juu. Akajitosa na shati lake jipya, akaziopoa zote, akazisugua kwa mchanga, akampelekea zinameta.

Hewa ya baada ya mvua, aliyoingoja dada msimu mzima, ikawa imekwenda zake. Tena ndoo zilikuwa mbele ya shamba la kaka, pale alipofyeka matete yanayozuia udongo, apate kupanda mboga. Dada akaona hila ya mkulima anayeogopa kipimo. Hakugomba. Alizima simu.

Kaka hakutulia tena. Anamwagilia mboga zilizolowa mvua, anapiga simu, haipatikani, anapiga. Mara tukasikia dada anahamia ziwa jingine, boti ya mchana.

Kaka alimkuta gatini ameketi juu ya begi.

"Nilidhani zimepinduka, mpenzi. Nani huweka ndoo kifudifudi?"

"Si ungeniuliza?"

"Nilitaka kukufurahisha." Akafungua viganja vilivyochanika. "Matuta ya mbele nimeyavunja. Nimerudisha matete, yazuie udongo."

"Na mboga zako?"

"Zitabanana. Kama sisi, ukikubali nije kwenu kujitambulisha."

Boti ikapiga honi. Dada akasimama, akaipa boti mgongo, akamsukumia kaka begi.

"Shika. Ukilisafisha, tumeachana."

Nilikuwa nikiyasimulia haya kibandani kwa shangazi, muuza chai wa gati, nikamalizia kwamba kaka ndiye aliyenihadithia. Shangazi akatua birika.

"Hakukuhadithia mtu. Ulikuwa chini ya ule mtumbwi uliopinduliwa, miguu nje. Nilikuwekea chai pale, ukatoa mkono ukaichukua."