Mkia Hajapita

Haya yalimpata senge wangu Navalayo, dadake baba, mwaka wa tisini na sita. Waliomtendea bado wanapitanga kwetu wakitusalimia, meno nje, kana kwamba hawajui lolote.

Jumamosi hiyo ilianza vizuri. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, jua limetoka, na pale kituo cha petroli mjini Kakamega pikipiki zilisimama safu moja, zimeoshwa zikang'aa. Kazi ya Navalayo ilikuwa kuzunguka mashamba ya miwa kule Musanda kwa Yamaha yake, kwa hivyo tope na mawe havikumtisha. Alikuwa mwanamke pekee katika Nyigu, klabu ya waendesha pikipiki.

"Mama Yamaha, leo utatuachia vumbi?" Andati, kiongozi wa msafara, alimtania.

"Nyinyi mnaachwanga na breki zenu wenyewe."

Wakacheka. Khisa, mchumba wake, hakucheka. Alikuwa akijifunga kitambaa chekundu mkononi, maana siku hiyo yeye ndiye mkia.

Nyigu walikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeichezea. Kiongozi akifika njia panda au kona mbaya, humwacha pale yule anayemfuata. Huyo ndiye nguzo. Atawaonyesha wenzake njia kwa mkono, na haondoki, hata mvua ya mawe imshukie, mpaka mkia apite na kitambaa chake chekundu. Mkia akipita, nguzo humfuata. Kwa hivyo hakuna anayeachwa barabarani. Na kwa hivyo pia, uhai wako uko mikononi mwa mtu mmoja, yule wa mwisho.

Mwaka uliotangulia, kijana wa Mayoni aitwaye Elvis aliwekwa nguzo kwenye kona moja ya mteremko wa Tambach. Lori likamgonga, akafa papo hapo. Mkia wa siku hiyo alikuwa Khisa huyu huyu. Aliapa mbele ya jeneza kwamba Elvis alivunja sheria, akaondoka kabla hajapitiwa. Mama ya Elvis akamzika mwanawe pamoja na aibu hiyo.

"Tambach atasimama nani?" Andati aliuliza, sauti chini.

Wanaume wazima, wote wakainama kukagua matairi.

"Navalayo," akasema Khisa. Kisha akamsogelea, akamkazia ukanda wa kofia kidevuni. "Usiogope, mpenzi. Mimi ndiye mkia wako. Nitakupitia."

Wakapanda kupitia Kapsabet katikati ya majani chai, wakavuka Eldoret, wakafika Iten, pale ambapo nchi inakatika ghafla na barabara inajitupa bondeni. Khisa alibaki nyuma, kama mkia anavyopaswa. Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa umepanda kutoka chini na kulala barabarani.

Kwenye kona ile Andati alinyoosha mkono. Navalayo akaegesha, akasimama, akaonyesha njia. Upande wa pili hakukuwa na ukingo wowote. Kulikuwa na hewa tu.

Wenzake wakapita mmoja mmoja, taa zikiwaka. Wengine walipiga honi. Wandera, aliyekuwa wa mwisho kabla ya mkia, aligeuza uso asimtazame.

Kisha kimya.

Mkia hakuja.

Navalayo alitega sikio asikie injini ya Khisa. Hakusikia kitu. Hata ndege walikuwa wamenyamaza. Ukungu ukanenepa mpaka hakuiona tena pikipiki yake mwenyewe, iliyokuwa karibu naye. Labda pancha, akajiambia. Labda mnyororo umekatika.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mtu.

Alidhani ni mchungaji. Lakini mtu yule alikuwa amenyoosha mkono, kama yeye. Koti lake lilichuruzika maji, na mvua haikuwa imenyesha mchana huo. Mkono ule haukuonyesha barabara. Ulionyesha shimo.

"Dada," akanong'ona. "Mkia amepita?"

Navalayo akatikisa kichwa. "Bado."

"Mimi pia namngoja."

Ukungu ukapasuka kidogo. Kofia yake ilikuwa imebonyea upande mmoja, kabisa, mpaka mahali ambapo jicho lingekuwa.

"Aliniambia nisiondoke," akasema Elvis. "Sikuondoka."

Kuna hasira inayoifika roho kabla ya hofu, na hiyo ndiyo iliyomshika Navalayo mkono. Kwa hivyo Khisa alidanganya mbele ya jeneza. Kwa hivyo leo hakukuwa na pancha yoyote.

"Hatapita," akamwambia. "Yuko huko juu. Panda, twende tukamtafute."

Akaketi kwenye Yamaha. Akangoja.

Kiti cha nyuma kikadidimia.

Baridi ikamgusa mgongoni. Pikipiki ikapanda mlima ikinguruma kwa uzito. Hakutazama nyuma. Hata mara moja.

Pale Iten, nje ya mkahawa mdogo, akaiona pikipiki ya Khisa. Mwenyewe alikuwa ndani kwenye benchi, chai mbele yake, kitambaa chekundu kimekunjwa vizuri kando ya mandazi. Alipomwona, kikombe kilimgandia hewani.

"Umetoka?" akanong'ona. "Sasa nani amebaki kwa kona?"

Hakuuliza kama yuko salama. Hakuuliza kama ameumia.

"Kwa hivyo ulijua," akasema Navalayo.

"Ananijia kila usiku, Nava! Mwaka jana ilikuwa mvua tu, nikakaa hapa nikinywa chai, nikarudi nyumbani. Sikujua lori litakuja. Mganga alisema hataniacha mpaka apate wa kushika nafasi yake."

"Na ukaona mimi ndiye nafaa."

Khisa akainamisha kichwa. "Wengine wana watoto."

Navalayo akasogea kando. "Basi mwambie mwenyewe. Nimekuletea."

Benchi likalia. Mabega ya Khisa yakashuka, kama ya mtu aliyetwikwa gunia. Waliokuwa meza ya karibu wakahama, wakilalamika kuhusu baridi.

Kesho yake Navalayo alikwenda Mayoni kumweleza mama ya Elvis ukweli. Kwa Nyigu hakurudi tena.

Mwezi wa Novemba, alasiri moja baada ya mvua, Khisa alifika nyumbani kwa Navalayo huko Musanda. Alikuwa amepinda kama mzee, hapumui vizuri.

"Nimekuja kuomba msamaha," akasema mlangoni. "Nikaribishe tu, Nava. Sema karibu."

Alikuwa amekonda mno. Senge wangu ana moyo, na huo ndio waliouchezea siku zote.

"Karibu," akasema.

Khisa aliingia, akaketi. Maji aliyopewa hakuyagusa. Punde akainuka, na mgongo wake ulikuwa umenyooka. Akaenda zake bila kwaheri, karibu anakimbia.

Navalayo akatoka uani kumtazama, na macho yakamshuka kwenye tope.

Nyayo zilizoingia zilikuwa zimezama sana, zimeshajaa maji. Zilizotoka zilikuwa nyepesi, zimekwaruza tope juu juu, kama za mtu aliyetua mzigo ndani ya nyumba.