Mama Kobe na Chupa Nane

Maneno yalianzia kwa msusi. Mama Kobe alikuwa amekaa kwenye kigoda, kichwa nusu kimesukwa, nusu bado. Msusi akamwinamia sikioni.

"Shoga, umesikia habari za yule mkimbiaji? Kaanguka hatua tatu kabla ya kumaliza. Kafa hapo hapo. Hakunywa maji, damu ikakauka."

"Kaanguka wapi?"

"Huko. Aliyeniambia kaambiwa na mtu aliyekuwepo."

Baada ya siku mbili, muuza maziwa alimpa habari ile ile. Ila sasa mkimbiaji mmoja amekuwa wawili. Kila ilipopita mdomoni mwa mtu, habari ilinenepa. Siku nyingine Mama Kobe angecheka. Lakini binti yake mwenyewe alikuwa mkimbiaji, na maneno yale yalimganda kichwani.

Binti huyo alikuwa fundi cherehani. Kutwa alikaa kwenye mashine, mgongo umepinda, miguu imekufa ganzi. Alianza kukimbia ili ainyooshe. Alikimbia polepole, hata wenzake wakamwita Kobe. Jina akalipenda. Tangu hapo mama yake naye akawa Mama Kobe, mpaka dukani.

Mbio zake za kwanza zilikuwa za kilomita kumi. Alikuwa wa tatu kutoka mwisho, akarudi nyumbani anaimba. Mbio za pili zilikuwa za kilomita ishirini na moja. Safari hii alitimka na vijana. Kwenye kilomita ya kumi na tano mapaja yakakaza, akarudishwa na gari linalobeba walioshindwa.

"Nimeokotwa kama mzigo, mama," alisema, anacheka huku anaona haya.

Sasa alikuwa amejiandikisha mbio za kilomita arobaini na mbili. Maneno ya msusi yakamrudia Mama Kobe.

Siku ya mbio ilikuwa ya baridi, na manyunyu yalikuwa yanaanguka. Muuguzi wa mbio alimpima kila mkimbiaji uzito na kuuandika. Kobe alikuwa na kilo sitini na moja. Mbio zilikuwa mizunguko saba, na kila mzunguko ulipita kwenye kona moja. Mama Kobe alisimama pale na kikapu cha chupa za nusu lita. Kabla ya mbio kuanza, alikuwa amekwisha kumnywesha binti yake chupa mbili.

Mzunguko wa kwanza, Kobe akapita.

"Kunywa, mwanangu."

"Sina kiu, mama."

"Kiu ikija umeshachelewa. Kunywa nikuone."

Kobe akanywa. Mzunguko wa pili akanywa. Wa tatu akanywa. Wa nne akanywa. Na njiani kulikuwa na meza za maji, na huko nako alikunywa, maana mama alimwapisha asiruke hata meza moja.

Mzunguko wa tano alikuja anatembea.

"Mama, tumbo linacheza kama ndoo. Kichwa kinagonga. Na pete hii imenibana, tazama."

"Ni kiu hiyo. Kunywa."

Kobe alikuwa mtu mzima, lakini hakuzoea kumkatalia mama yake. Akanywa. Mzunguko wa sita akanywa tena, akatapika, akaendelea kwa kujikokota.

Alipomaliza, saa sita zilikuwa zimepita. Mama Kobe alimkimbilia. Binti alikuwa amekaa chini, macho yanamtazama lakini hayamwoni.

"Mama, vifungo umeviweka wapi? Mteja anasubiri."

"Vifungo gani, mwanangu?"

"Vya gauni."

 Mama Kobe akaona sasa damu ya mwanawe inakauka mbele ya macho yake. Akafungua chupa nyingine, akamwekea mdomoni.

"Mama, weka hiyo chupa chini." Aliyesema ni muuguzi wa mbio.

"Nesi, mtoto anakufa kwa kiu."

"Weka chini, mama yangu. Amekunywa chupa ngapi?"

"Nane. Na vikombe vya njiani."

Muuguzi akaagiza mzani uletwe. Wakamsimamisha Kobe kwa kumshika. Kilo sitini na tatu.

"Mtu kakimbia kwa saa sita," muuguzi alisema, "kisha anarudi na kilo mbili zaidi. Hizo zimetoka wapi?"

Mama Kobe akatazama kikapu chake cha chupa.

"Ni maji, mama. Damu ina chumvi yake. Ukiizidishia maji, inakuwa kama supu iliyopungua ladha. Maji yanaingia kwenye viungo, vinavimba. Ndiyo maana pete hiyo kidoleni imembana. Na ubongo nao unavimba ndani ya fuvu. Ndiyo maana anaulizia vifungo."

"Kwa hiyo nimemuua mwanangu kwa mikono yangu?"

"Hajafa. Lakini tusikae hapa."

Walimlaza ubavu, gari la wagonjwa likamchukua. Hospitalini walimtundikia dripu ya chumvi kali, kidogo kidogo, daktari akisimama karibu. Mama Kobe alikaa kwenye benchi, mikono mapajani. Kesho yake asubuhi Kobe alifumbua macho, akamtazama.

"Mama, mbona nywele zako zimesimama hivyo?"

Mama Kobe alicheka na kulia kwa pamoja.

Kabla hawajatoka, alimuuliza muuguzi wa wodini: "Sasa anywe kiasi gani?"

"Kiu ndiyo itamwambia. Akisikia kiu, anywe. Ikiisha, aache. Siku ya jua kali itamwita mara nyingi. Siku ya baridi mara chache. Wewe huwezi kuisikia kiu yake."

Mwaka uliofuata daktari alimruhusu, Kobe akakimbia tena arobaini na mbili. Mama Kobe alisimama barabarani.

"Una kiu?"

"Bado, mama."

Mkono ulimwasha kumpa chupa.  Akauma ulimi, akamwacha apite. Mzunguko wa tatu Kobe mwenyewe aliomba, akapiga mafunda manne, akarudisha chupa. Alimaliza anatembea, mchovu, akili timamu, na uzito umepungua kilo moja. Mama Kobe akakaa kwenye ukingo wa barabara. 

Haya ndiyo ya kuepuka:

Usinywe maji mengi kwa kuogopa kiu ambayo haijaja.

Usikimbie na kiu pia. Ikija, kunywa.

Usitimke na wenye mbio kuliko wewe.

Usimeze dawa za maumivu kabla ya mbio ndefu bila kumuuliza daktari. Nyingine huzuia figo kutoa maji.

Usidharau kichwa kuuma, kutapika, na pete kubana.

Usimpe maji mtu aliyemaliza mbio ndefu anaongea ovyo. Mlaze ubavu, ita muuguzi, taja alichokunywa. Usifiche.

Usichukue dawa kutoka kwa maneno ya mtu aliyeambiwa na mtu.

Na wewe mzazi, usiseme "kunywa nikuone". Uliza "una kiu?" Kisha likubali jibu.