Glasi Zisigongwe

"Signe, fungua mlango. Watu wanakusubiri."

"Wameacha kugonga?"

"Wana furaha tu, mpenzi. Ni harusi."

"Nimekuuliza, wameacha?"

Asger, bwana harusi, akageuka kutazama ukumbini. Kelele zenyewe zilijibu: watu themanini, kila mmoja na kisu chake, wanagonga glasi kling kling kling bila huruma. Harusi za kwao Denmark ndivyo zilivyo. Wageni wakigonga glasi, maharusi wapande juu ya viti wabusiane. Na jioni hii ukumbi wa kijiji ulikuwa umechachamaa. Mara nne Signe alipiga moyo konde akapanda. Mara ya tano akashuka, akashika gauni lake, akatoka mbio kujifungia kwenye chumba cha makoti.

Sasa alikuwa amekaa sakafuni, viganja masikioni. Signe ana usonji. Sauti ambayo wewe unaisikia na kuipuuza, yeye inamwingia kichwani kama msumari. Si madeko, jamani, inauma kweli.

Na hakuna aliyelijua hilo kama Asger. Miaka mitatu alikoroga kahawa kwa kijiti, ili kijiko kisigonge kikombe. Lebo za nguo za Signe alizikata mwenyewe, moja moja. Taa ya jikoni iliyokuwa ikivuma aliing'oa. Mwanamume gani tena kama huyo? Ndiyo maana Signe alipokubali kuolewa alitoa sharti moja tu: glasi zisigongwe.

Signe akafungua mlango. Asger akaingia, akakaa kando bila kumgusa, maana anajua.

"Mjomba wako ulimwambia?"

Mjomba ni Verner, mshereheshaji wa siku hiyo. Kwenye meza ya harusi yeye ndiye serikali. Hata anayetaka kutoa hotuba anamwomba kwanza.

"Nilimwambia."

Signe akatoa simu, akasoma meseji ya Jumatatu: "'Nimeshaongea na mjomba. Hakuna atakayegusa glasi. Usiogope, mke wangu.' Sasa mbona wanagonga?"

"Wamelewa kidogo, wamesahau..."

Mlango ukasukumwa. Verner huyo, uso umemwiva kwa bia.

"Bibi harusi! Umetutoroka? Nyama inapoa huko!"

"Verner, Asger alikwambia watu wasigonge glasi?"

"Mimi? Sijaambiwa kitu. Ningeambiwa ningetangaza dakika moja tu, kuna kazi gani?" Akawatazama wote wawili, kicheko kikamkauka. "Kwani kuna nini?"

"Tuachie kidogo, mjomba," Asger akasema.

Verner akaondoka taratibu.

"Kwa nini, Asger?"

"Kila nikishika simu nashindwa. Ningewaambia nini? Hawa ni watu wa kwetu, Signe. Wangeanza kukutazama vingine."

"Kunitazama mimi, au kukutazama wewe?"

Asger akainamisha kichwa.

"Tukiwa wawili unanipenda mpaka najiona malkia. Wakiwepo watu, unanionea aibu."

"Sikuonei aibu!"

"Basi nenda kawaambie. Sasa hivi. Sema mke wangu ana usonji, sauti zinamuumiza, naomba visu viwekwe chini. Maneno hayo tu. Ukiyasema, narudi mezani, nacheza hata na mjomba wako."

"Na nikishindwa?"

"Nitaishije na mtu anayenificha?"

Asger akafuta macho. "Naenda."

Signe akaziba masikio tena, akafumba macho, akasubiri. Kling kling zikapungua. Zikakoma. Ukumbi mzima ukatulia, mpaka muziki ukashushwa.

Amesema! Machozi yakamtiririka kwa furaha. Asger aliporudi, akamrukia shingoni.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wameelewa, mpenzi. Si unaona wametulia?"

"Hujui umenifanyia nini leo. Nakupenda, Asger. Nakupenda!"

Asger akamkumbatia, macho yake yakiwa kwenye makoti ya watu. Signe alikuwa anavaa kiatu mama mkwe wake alipoingia kwa kunyata, glasi ya maji mkono huu, kidonge mkono huu.

"Pole, mwanangu," Jytte akanong'ona. "Asger ametuambia kichwa kinakupasuka. Meza hiki, kitatulia. Wageni nimewakanya, hakuna atakayegonga tena mpaka upone."

Mpaka upone. Loh!

Signe akamgeukia Asger. Asger hakuinua uso.

"Kichwa hakiniumi, Jytte. Nina usonji. Nimezaliwa nao, nitazeeka nao. Mwanao anajua tangu mwezi wa kwanza tulipokutana."

Jytte akaweka maji chini.

"Asger? Kila sikukuu mkwe wangu anaondoka mapema, na sisi tunakaa tunasema anajidai, anatudharau. Ulikuwa unasikia. Ukanyamaza?"

"Mama, nilitaka..."

"Umenifanya nimsengenye mtoto wa watu bure!"

Signe akatafuta koti lake kati ya yale mengine. Alikuwa analia bila sauti.

"Glasi ningezivumilia, Asger. Hata usiku kucha. Lakini nimekuuliza umewaambia, ukanikumbatia ukasema ndiyo."

"Narudi sasa hivi nikawaambie ukweli! Signe, naapa!"

"Kawaambie. Lakini si kwa ajili yangu tena."

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Saa moja jioni, jua bado kali, maana kwao mwezi wa Juni huchelewa kuzama. Asger alimfuata mpaka kizingitini, akakaa hapohapo. Mama yake akasimama nyuma yake, hakumgusa.

Ndani, watu themanini waliendelea kula kwa kunong'onezana, kila mmoja akiweka uma taratibu, ili bibi harusi apumzike.